Makofi Si Jibu

Yapo mambo ambayo mtu huyatenda kwa nia njema, tena mbele ya mashahidi wengi, asitambue mpaka miaka imepita kwamba alikosea. Kwa upande wetu sisi tuandikao ukurasa huu, jambo mojawapo lilikuwa ni kupiga makofi.

Ilikuwa katika mwaka wetu wa kwanza wa upadre. Ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka seminari kuu, kichwa kimejaa vitabu, tukapelekwa kuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya milimani, ambayo jina lake tutaliacha. Nyuma ya kanisa ulikuwapo msitu mdogo wa miti ya kale, na chini yake ilitoka chemchemi iliyowanywesha watu wa vitongoji vitatu, pamoja na shule na zahanati. Wakati huo parokia ilikuwa ikijenga ukumbi. Fedha zilipopungua, kamati tendaji iliona yafaa miti ile ikatwe, ipasuliwe mbao za paa, na mbao zitakazosalia ziuzwe. Hapakuwa na mwizi katika shauri hilo. Wote walikuwa watu waaminifu waliotaka kuimaliza kazi waliyoianza kwa jasho lao wenyewe.

Ndipo vijana wa parokia, kumi na mmoja kwa hesabu, walipoleta barua. Msichana wa kidato cha tatu aliisoma amesimama, karatasi ikimtetemeka mikononi. Aliwaamkia wazee kwanza, akamsalimu Baba Paroko, kisha akauliza maswali matatu. La kwanza: je, yupo mtu aliyeyapima maji ya chemchemi wakati wa kiangazi, ili ijulikane miti ikiondoka yatakuwaje? La pili: mbao za kununua zingezidi gharama kwa kiasi gani, kusudi waumini waulizwe kama wako tayari kuichanga tofauti hiyo? Na la tatu: ni nani, kwa jina lake, atakayepanda miche mingine na kuitunza mpaka ishike?

Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima zake, aliyewapenda vijana kwelikweli. Akasema, “Wanangu, mmetufurahisha mno. Hawa ndio viongozi wetu wa kesho. Ndugu wajumbe, tuwapigie makofi.” Tukapiga makofi. Sisi nasi tulipiga, tena kwa moyo wote. Vijana wakatoka nje, na kikao kikaendelea na habari za sikukuu ya somo wa parokia. Kwa kuwa sisi ndio tulioandika kumbukumbu za kikao, twakumbuka vema tuliyoyaandika juu ya barua ile: “Vijana walipongezwa.” Maneno mawili. Baada ya majuma mawili misumeno ikaanza kulia, na maswali yale matatu hayakujibiwa siku ile wala siku nyingine yoyote.

Twalikumbuka jambo hilo kila tusikiapo habari za vijana wanaosimama kusema juu ya mabadiliko ya tabianchi, maana twaona kwamba ulimwengu mzima umekuwa kama kamati yetu ile.

Tarehe 20 Agosti 2018 msichana wa miaka 15, Greta Thunberg, aliketi peke yake nje ya Bunge la Sweden mjini Stockholm badala ya kwenda shule. Hakuwa na chama wala fedha; alikuwa na kibao tu kilichosema kwamba amegoma kusoma kwa ajili ya tabianchi. Tarehe 15 Machi 2019 vijana zaidi ya milioni moja, katika nchi zaidi ya 100, walitoka madarasani kumwunga mkono. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo alisimama mbele ya wakuu wa nchi katika Umoja wa Mataifa, New York, akawakemea waziwazi. Na waliokuwamo ukumbini wakafanya nini? Wakapiga makofi.

Karibu na kwetu, Vanessa Nakate, binti wa Kampala aliyekuwa amemaliza masomo ya biashara, alianza mwezi Januari 2019 kusimama barabarani pamoja na ndugu zake wadogo. Mwaka uliofuata alialikwa Davos, Uswisi. Akapigwa picha pamoja na wasichana wanne wa Ulaya, na shirika moja la habari lilipoitoa picha ile, yeye, Mwafrika pekee kati yao, alikuwa amekatwa nje. Shirika likaomba radhi. Tena mwezi Novemba 2021, mjini Glasgow, Elizabeth Wathuti wa Nyeri, aliyepanda mti wake wa kwanza akiwa na miaka saba, aliwaeleza wakuu wa dunia kwamba wakati ule ule watu zaidi ya milioni mbili nchini mwake walikuwa wakikabiliwa na njaa kwa ajili ya ukame. Aliwasihi wafungue mioyo yao. Mvua zilikuwa zimekwisha kukosekana katika Pembe ya Afrika, nazo zikazidi kukosekana, misimu mitano mfululizo, mpaka mwaka 2023.

Basi, baada ya makofi hayo yote, hali ikoje? Mwaka 2024 hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na gesi ilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia katika historia, na mwaka huohuo ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009, kule Copenhagen, kwamba kufikia mwaka 2020 zitakuwa zikitafuta dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi maskini. Kwa hesabu yao wenyewe kiasi hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda walioahidi. Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Twasema tu kwamba mwenye kupongezwa sana aliondoka mikono mitupu.

Hapa ndipo lilipo swali tunalotaka kuwawekea wasomaji wetu, ninyi akina baba na akina mama, maana ni swali la nyumbani kabla halijawa la New York. Je, mtoto anayo haki ya kumdai hesabu mzee wake? Na kama anayo, mzee ana wajibu gani?

Tumelelewa katika mithali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nasi hatutaki kuidharau, maana imeokoa miguu mingi. Lakini mithali hiyo ina nguvu kwa sababu moja: mkuu amekwisha kuipita njia ile. Anajua penye shimo kwa kuwa alitumbukia, au alimwona mwenzake akitumbukia. Basi twauliza: katika njia hii ya sasa, ni mzee gani aliyekwisha kuipita? Wataalamu walipoanza kupima hewa ya ukaa kwa mfululizo huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, walikuta sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda kuanza zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420. Hakuna babu yetu, wala babu wa babu zetu, aliyewahi kuishi chini ya hewa ya namna hiyo. Mzee wa Same au wa Kitui aliyejua kwa kumtazama mchwa na kwa kuusikiliza upepo kwamba masika yako karibu, leo hupanda kwa ujuzi wake uleule, akapanda mara ya pili, na mbegu za tatu akazikopa. Si yeye aliyepungukiwa hekima. Ni mvua zilizoiacha kalenda aliyoijua. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo watu waliipima mwaka 1912, imekwisha kupungua kwa zaidi ya sehemu nne kati ya tano.

Katika jambo la namna hii mzee na kijana wote ni wageni njiani. Tofauti yao ni kwamba mmoja atatembea mbali zaidi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2025 atakuwa na miaka 75 mwaka 2100, mwaka ambao wataalamu huutaja katika hesabu zao kana kwamba ni nchi ya mbali isiyokaliwa na watu. Kumbe wakazi wake wako tayari kliniki wakipimwa uzito.

Tena kuna jambo la mirathi. Katika jumuiya zetu, nani asiyejua kisa cha msimamizi wa mirathi aliyekabidhiwa shamba la mayatima? Huanza kwa kuuza mti mmoja kwa ajili ya ada ya shule, kisha kipande kwa ajili ya matanga, kisha kingine kwa sababu ambayo haielezeki vizuri. Siku moja yatima mkubwa, mwenye miaka kumi na minne, anauliza, “Baba mdogo, shamba la marehemu baba limebaki kiasi gani?” Hapo watu wenye akili hawasemi kwamba mtoto amekosa adabu. Aliye na deni ni yule anayeulizwa. Na kama msimamizi huyo akijibu, “Kweli wewe ni mtoto mwerevu, umeuliza vizuri sana,” akaenda zake, kila mtu barazani atajua kwamba shamba limekwisha.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alieleza kwamba dunia tumeipokea kwa mkopo, na kwamba kuwaachia wajao baada yetu dunia inayokalika ni jambo la haki. Hakuliita hisani. Msomaji na aipime tofauti hiyo. Anayedai hisani hunyenyekea na kungoja. Anayedai haki yake aweza kudai kwa adabu, lakini hudai.

Wengine watatuambia kwamba tunawafundisha vijana kiburi. Basi tuwaeleze habari ya vijana waliodai bila kiburi, kisa ambacho, kwa maoni yetu, chastahili kusimuliwa katika kila shule ya nchi hii, na ambacho magazeti yetu, hili nalo likiwamo, yalikipitia upesi mno.

Katika Bahari ya Pasifiki iko nchi ya visiwa iitwayo Vanuatu, yenye watu wapatao laki tatu tu. Mwezi Machi 2015 kimbunga kilichoitwa Pam kiliipiga nchi hiyo kikaangusha nyumba na migomba kisiwa hata kisiwa. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakisomea mjini Port Vila, walikuwa katika somo la sheria ya mazingira ya kimataifa. Wakajiuliza: ikiwa sheria ya mataifa yakataza nchi moja kuidhuru nyingine, mbona hakuna aliyeiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki kama nchi zinazochafua hewa zina wajibu gani kwa nchi zinazozama? Wakaunda chama chao, wakaandika barua kwa serikali za visiwa, moja baada ya nyingine.

Wangeweza kupigiwa makofi. Serikali ya Vanuatu ikafanya jambo lililo gumu zaidi: ikaichukua kazi ile mikononi mwake. Mwaka 2021 ilitangaza kwamba italipeleka swali la wanafunzi mbele ya Umoja wa Mataifa. Wanasheria wakalichonga swali mpaka likawa maneno machache. Wajumbe wa nchi ndogo wakabisha hodi kwa nchi kubwa. Mwanzoni mwa Machi 2023, katika juma moja, vimbunga viwili, Judy na Kevin, vikaipiga Vanuatu kimoja baada ya kingine. Tarehe 29 ya mwezi huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuiuliza Mahakama, bila nchi hata moja kupinga. Mwezi Desemba 2024 nchi zaidi ya 90 zilisimama The Hague kutoa maelezo yao, jambo ambalo Mahakama hiyo haikuwahi kuliona tangu ianze. Na tarehe 23 Julai 2025 majaji, kwa sauti moja, wakatoa maoni yao: kwamba nchi zote zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, kwamba kuacha kuchukua hatua zifaazo, hata katika kutoa leseni za kuchimba mafuta au kuyapunguzia bei kwa ruzuku, kwaweza kuwa kosa chini ya sheria ya mataifa, na kwamba aliyekosa aweza kudaiwa fidia.

Maoni hayo hayamfungi mtu kama hukumu ifungavyo. Hakuna askari atakayetumwa kuyatekeleza, na kimbunga hakisomi maoni ya majaji. Lakini tazameni jinsi lilivyopita kutoka mkono hadi mkono. Mwalimu hakuwaambia wanafunzi kwamba swali lao limezidi mtihani. Waziri hakuwaambia kwamba wasubiri wakue. Balozi hakusema kwamba nchi yake ni ndogo. Kila mkubwa alilipokea swali la wadogo, akaongeza nguvu alizokuwa nazo yeye na ambazo wao hawakuwa nazo, akalipeleka mbele. Hivyo ndivyo mzee anavyomjibu kijana. Na vijana, kwa upande wao, hawakuleta kelele tu. Walileta swali ambalo lingeweza kujibiwa. Mfano huo umekwisha kufika hata kwetu: mwezi Mei 2025 Umoja wa Mawakili wa Afrika, pamoja na vyama vingine, uliipelekea Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ombi la maoni juu ya wajibu wa nchi za Afrika katika jambo hilihili.

Sasa twayasikia manung’uniko ya wasomaji wetu wengine, nayo si ya kupuuzwa.

Mmoja atasema: hii ni dhambi ya matajiri. Afrika nzima haitoi hata sehemu nne kwa mia ya hewa chafu ya ulimwengu, ilhali watu wake ni zaidi ya mmoja katika kila sita wa dunia. Ni kweli tupu, na yafaa ilalamikiwe kila mahali wakuu wanapokutana. Lakini chemchemi yetu ya milimani haikukatiwa miti yake na watu wa Stockholm. Ziko hasara tunazofanyiwa na ziko tunazojifanyia, na mtu mzima huweza kuzitaja zote mbili kwa siku moja.

Mwingine atasema: vijana hawa nao wana simu, wanapanda pikipiki, wanavaa nguo zilizosafirishwa kutoka mbali, na waanze wao. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Mganga mwenye homa aweza kuitambua homa ya mwingine, wala homa ya mgonjwa haiponi kwa sababu mganga naye anatetemeka. Ukweli wa neno hauongezwi wala haupunguzwi na viatu vya aliyelisema.

Wa tatu ana hoja nzito, nasi twakiri kwamba hatuna jibu rahisi. Lile bomba la mafuta, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga, serikali zetu zilikubaliana kulijenga kwa matumaini ya kazi na mapato. Zinasema kwamba waliotajirika kwa mafuta miaka mia moja na zaidi hawana uso wa kumkataza maskini kuyauza yake. Mtu aliyewahi kuona mama akijifungua kwa mwanga wa kibatari hawezi kuicheka hoja hiyo. Vijana wa Kampala wanaipinga: wanasema mashamba ya watu yamechukuliwa kwa fidia haba, mito na wanyama wamo hatarini, na mapato ya mafuta huishia mifukoni mwa wachache. Hiyo nayo ni hoja. Hoja mbili zikikutana, huwekwa mezani na kupimwa. Lakini mwezi Oktoba 2022, wanafunzi tisa walipoandamana Kampala juu ya jambo hilo, walikamatwa na kupelekwa mahabusu. Na wengine baada yao wamekamatwa vivyo hivyo. Twasema kwa heshima yote kwa wenye mamlaka: pingu hazijapata kuwa hoja. Zina ubaya uleule wa makofi, yaani zinamaliza mazungumzo kabla jibu halijatolewa, isipokuwa makofi hayaumizi mikono ya anayepigiwa.

Hatutaki kuwapendelea vijana kuliko wanavyostahili. Wako, hasa Ulaya, waliodhani kwamba kumwaga supu juu ya picha ya mchoraji Van Gogh katika jumba la picha la London, kama walivyofanya wawili mwaka 2022, kutazuia mafuta yasichimbwe. Kuna ghadhabu inayofanya kazi na kuna ghadhabu inayojitazama kwenye kioo. Wako pia hapa kwetu wapandao mti mmoja, wakapiga picha ishirini, na juma lifuatalo mbuzi wamemaliza. Kijana akitaka mzee ampe jibu, na yeye awe tayari kuulizwa: mche wako u wapi? Leah Namugerwa wa Uganda, mwaka 2019, alipotimiza miaka 15, hakutaka karamu. Alipanda miti 200. Vanessa Nakate tuliyemtaja naye alianza kupeleka umeme wa jua na majiko bora katika shule za vijijini. Watu wa namna hiyo wakisema, mzee hana pa kujifichia.

Katika Maandiko mmepata kusikia habari za mtoto Samweli na kuhani Eli. Mara nyingi husomwa kwa ajili ya utii wa mtoto, nasi tumehubiri hivyo mara nyingi. Lakini siku hizi twamfikiri zaidi Eli. Mtoto alipewa neno zito juu ya nyumba ya mzee wake, akaogopa kulisema. Eli akamsihi asimfiche kitu, akalisikiliza mpaka mwisho, akalikubali kwa unyenyekevu. Hakumkemea mtoto. Ni mzee mwema kabisa, wa kupigiwa mfano. Na baada ya hapo Maandiko hayasimulii kwamba alifanya jambo lolote. Wanawe waliendelea kama kawaida, na maangamizi yakaja kama yalivyosemwa.

Tunayasema haya tukijijua sisi wenyewe. Miaka yote tuliyokaa seminarini, ugali wetu na maharage yetu vilipikwa kwa kuni. Lori liliingia kila mwezi likiwa limejaa magogo, na kilima kilichokuwa mbele ya madirisha ya bweni kilizidi kuwa kipara mwaka hata mwaka, nasi tukikitazama huku tukisoma juu ya haki za vizazi. Hakuna aliyeuliza. Serikali yetu iliagiza kwamba taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, na mwezi Mei 2024 ikazindua mkakati wa miaka kumi ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 kati ya kila 100 wapikie nishati safi. Ni jambo jema. Yafaa wazazi wenye watoto katika shule zetu za bweni waulize, kwa adabu na kwa kalamu: jiko la shule yetu linawaka nini, na litabadilika mwaka gani? Na sisi tulio na dhamana ya shule hizo yatupasa kujibu kwa tarakimu. Kama fedha hakuna, tuseme hakuna, na tuseme zinapungua kiasi gani.

Mwaka jana tulipita tena katika parokia ile ya milimani. Ukumbi umekamilika, ni mzuri, una feni na viti vya plastiki vyekundu, na harusi nyingi hufanyika humo. Chemchemi haikukauka, hatutaki kusema uongo kusudi hoja yetu ipendeze. Lakini tulifika mwezi wa Septemba, na foleni ya ndoo ilianzia kwenye bomba ikaishia karibu na lango la shule. Mama mmoja alituambia kwamba zamani ndoo ilijaa ukiwa bado unasalimiana na mwenzako, na sasa wakati wa kiangazi husali rozari nzima akingoja. Tukauliza habari za miche. Ilipandwa siku ya sikukuu ya somo, mbele ya umati mkubwa. Hakutajwa mtu wa kuitunza. Imesalia minne.

Yule msichana sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hapohapo. Alikuja kutusalimu baada ya Misa, akatuamkia, akauliza habari za gazeti. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aulizaye jambo la kawaida, “Baba, samahani, yale maswali yetu, kikao kiliwahi kuyajadili?”

Tukamwambia kwamba hapana. Akauliza kama barua bado ipo. Ipo, tuliihifadhi pamoja na kumbukumbu za kikao, zile zenye maneno mawili. Tumekwisha kumpelekea Baba Paroko wa sasa nakala yake, na mwenyekiti wa kamati nakala nyingine, tukiomba maswali hayo matatu yawe jambo la kwanza katika kikao kijacho, na yule mwalimu aitwe kuketi pamoja na wajumbe mpaka yatakapokwisha kujibiwa. Baba Paroko ametuandikia kwamba kwanza amemtuma mtu na ndoo na saa, akayapime maji.